Hewa mbele ya lenzi: uchambuzi wa matembezi ya picha kando ya Ziwa Natron

Kisa hiki kinamhusu mpigapicha mmoja wa Arusha, mtu mwenye uzoefu mzuri wa kupiga picha za harusi na mahafali, aliyetembea kwa miguu kutoka kijiji cha Engare Sero hadi ukingo wa kusini wa Ziwa Natron ili awapige picha heroe wadogo, yaani flamingo. Alibeba kamera nzuri na lenzi ndefu ya milimita 150 hadi 600 aliyoinunua kwa ajili ya safari hiyo, akapiga mamia ya picha, na aliporudi nyumbani akakuta kwamba karibu picha zote za ndege hao hazikutulia: shingo zimepinda pasipopaswa kupinda, miguu ina kingo mbilimbili, na magadi meupe yametoka ya kijivu. Akaamini kwamba lenzi ni mbovu. Fundi aliyeikagua hakuona kasoro yoyote, na muuzaji akamshauri aongeze fedha achukue lenzi ya bei kubwa zaidi. Kabla ya kufanya hivyo alinipa faili zote za siku ile nizipitie.

Nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa kirefu kwa sababu ushauri wa muuzaji yule ndio ambao wapigapicha wetu wengi hupewa wanapotoka mjini kwenda kupiga picha za maumbile, na katika nchi kavu ushauri huo hulikuza tatizo lile lile unalodai kulitibu.

Mahali penyewe

Ziwa Natron liko kaskazini mwa Tanzania, karibu kabisa na mpaka wa Kenya, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari. Ni ziwa pana lenye kina kisichofika mita 3. Maji yake huletwa hasa na mto Ewaso Ng'iro wa Kusini unaotoka Kenya, pamoja na chemchemi za moto zilizojaa chumvi, na hayana njia ya kutoka isipokuwa kuvukizwa na jua. Kinachobaki ni magadi, ambayo wakati wa kiangazi huganda juu ya tope kwa eneo kubwa. Kusini mwa ziwa umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima wa mita 2,962 ambao ndio volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya natrokabonati, yaani lava yenye kaboneti za sodiamu kwa wingi. Lava hiyo hutoka ikiwa nyeusi au ya kahawia iliyokolea, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi, na ndiyo sababu wageni wengi hudhani kileleni kuna theluji. Mlipuko wake ulioanza mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008 ulitapakaza majivu katika nyanda za jirani. Upande wa magharibi wa ziwa umezibwa na ukuta wa Bonde la Ufa, na upande wa mashariki uko mlima Gelai.

Mambo mawili ya jiografia hii yana uzito mkubwa katika uchambuzi wetu. La kwanza ni kwamba anayetembea kutoka kijijini kwenda ziwani huanza juu ya ardhi nyeusi ya majivu na kumalizia juu ya ganda jeupe la magadi, bila kupita chini ya kivuli chochote isipokuwa cha mgunga mmoja mmoja. La pili ni kwamba jua la jioni huingia nyuma ya ukuta wa magharibi kabla ya wakati wake halisi wa kuchwa, kwa hiyo ule mwanga laini wa jioni ambao mpigapicha huutegemea mahali pengine, hapa hukatwa mapema. Mwanga wa kutegemea ni wa alfajiri.

Heroe wadogo ndio sababu ya watu wengi kufika huko. Natron ndilo ziwa pekee katika Afrika Mashariki ambako ndege hao huzaliana kwa uhakika, na inakadiriwa kwamba robo tatu hivi ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa hapo. Tangu mwaka 2001 eneo hili limo katika orodha ya ardhioevu zinazolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Matembezi kwa mpangilio wa saa

Mwongozaji wake, kijana wa Kimaasai wa hapo hapo kijijini, alikuwa amependekeza waondoke saa 11 alfajiri. Mgeni alikataa, kwa hoja kwamba kamera inahitaji mwanga wa kutosha, na hoja hiyo si ya kipuuzi kwa mtu ambaye kazi yake ya kila wiki hufanyika ndani ya kumbi zenye giza. Waliondoka saa 3 asubuhi baada ya kifungua kinywa.

Picha za kwanza, za saa 3:15, ni za Lengai na uwanda wa majivu mbele yake. Majivu yametoka vizuri, kila tuta na kila kijiti kinaonekana, lakini kilele cheupe kimeungua kabisa kwa mwanga kupita kiasi na hakuna alama yoyote iliyobaki ndani yake. Karibu na saa 4 kuna pundamilia watano waliopigwa kutoka umbali wa mita 150 hivi. Mistari ya mabega ni safi, ila mistari ya miguuni imeanza kuyumba. Saa 4:40 kuna mbuni aliye mbali zaidi, na hapo hata manyoya ya mgongoni hayajulikani yanaanzia wapi. Kuanzia saa 5:20 hadi saa 6:10 ni heroe watupu, mfululizo juu ya mfululizo, na hakuna hata picha moja iliyotulia.

Katikati ya mfululizo huo, saa 5:35, kuna picha moja ambayo mwenyewe hakuitilia maanani hata kidogo. Mjusi alikuwa amejilaza juu ya jiwe umbali wa mita 4, na jamaa akampiga picha moja kwa lenzi ile ile, ikiwa imevutwa hadi milimita 600, kwa kasi ile ile ya shata, yaani muda wa kupokea mwanga, ya 1/2000 ya sekunde, na tundu lile lile la lenzi la f/8. Magamba ya mjusi huyo unaweza kuyahesabu moja moja.

Picha hiyo ya mjusi ndiyo ushahidi mkuu wa kisa kizima.

Yanayoondolewa kwenye lawama

Picha isiyotulia ina sababu nyingi zinazowezekana, na kila moja huacha alama yake. Mkono ukitikisika, kila kitu katika picha huburutwa kuelekea upande mmoja. Hapa kila ndege amepotoka kwa namna yake, na kasi ya 1/2000 inatosha kuzuia mtikisiko wa kawaida hata kwa lenzi ya urefu huo. Kamera ikilenga pasipostahili, ndege hukosa ukali lakini tope lililo mbele yao au nyuma yao huwa kali. Hapa hakuna sehemu yoyote ya mandhari iliyo kali, mbele wala nyuma. Lenzi iliyopata hitilafu ndani, kwa mfano kioo kimoja kuhama mahali pake, huharibu kila picha, mara nyingi upande ule ule wa fremu, na mjusi asingepona. Hali kadhalika kile kichujio cha bei nafuu alichokifunga mbele ya lenzi ili kuikinga na vumbi: nilikitilia shaka mwanzoni, kwa kuwa vichujio dhaifu kweli hupunguza ukali wa lenzi ndefu, lakini magamba ya mjusi nayo yalipigwa kupitia kichujio hicho hicho.

Kinachobaki kutofautiana kati ya mjusi na heroe ni umbali peke yake. Kati ya kamera na mjusi palikuwa na mita 4 za hewa, na kati ya kamera na heroe palikuwa, kwa makadirio ya mwongozaji, si chini ya mita 400.

Nikaweka mfululizo mmoja wa picha kumi zilizopigwa ndani ya muda wa sekunde moja na kuzipitisha upesi moja baada ya nyingine. Heroe yule yule, aliyesimama bila kusogea, anaonekana shingo ikivimba, ikikonda, ikikatika na kuungana tena. Kitu kigumu hakibadiliki umbo hivyo, ila mwanga unaotoka kwake unaweza kupindwa njiani.

Jinsi hewa inavyoharibu picha

Mtu yeyote aliyewahi kutazama ukuta kupitia hewa iliyo juu ya jiko la mkaa ameona jambo lenyewe. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, na mwanga unapovuka kutoka moja kwenda nyingine hupinda kidogo. Ardhi kavu isiyo na majani hupokea jua kuanzia asubuhi na kupata joto kali kuliko hewa iliyo juu yake. Hewa iliyogusana na ardhi hupanda kwa mapovu mapovu, ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, na mvurugano huo huendelea mfululizo hadi jioni. Majivu meusi, ambayo hunyonya mwanga mwingi, hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Kila povu la hewa hugeuza mwelekeo wa mwanga kwa kiasi kidogo sana, lakini mwanga unaosafiri mita 400 ukiwa karibu na ardhi hukutana na mapovu mengi mno kabla ya kuifikia kamera, na makosa yote hayo hujumlishwa. Mazigazi yanayomfanya msafiri aone maji pasipo na maji hutokana na tofauti hiyo hiyo ya joto.

Hapo ndipo ushauri wa lenzi kubwa zaidi unapoanguka. Lenzi ndefu hukuza kila kitu kilichopo kati yake na ndege, ukiwemo upotofu wa hewa, wala haina namna ya kukuza ndege na kuiacha hewa. Kasi kubwa ya shata nayo haisaidii, kwa sababu inachofanya ni kugandisha lahadha moja ya mwanga uliopinda badala ya kadhaa. Programu za kunoa picha hukaza kingo zilizopo, na kingo zilizopo tayari zimekosewa. Wanaastronomia hupambana na tatizo hili kwa kuunganisha mamia ya picha za kitu kimoja kilichotulia, njia ambayo heroe anayekula huku akitembea hairuhusu.

Hesabu ndogo inaonyesha kwamba hata bila joto matarajio ya jamaa yalikuwa makubwa kupita kiasi. Heroe mdogo ana kimo cha sentimita 80 hadi 90. Akiwa mita 400 mbele ya lenzi ya milimita 600 iliyofungwa kwenye kamera yenye sensa kamili ya milimita 36 kwa 24, taswira yake hufikia milimita 1.3 tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi na tano ya kimo cha fremu. Ili ndege mmoja ajaze nusu ya fremu kwa lenzi hiyo, mpigapicha angepaswa kuwa mita zipatazo 42 tu kutoka kwake.

Kwa nini hakusogea karibu

Aliomba kusogea. Mwongozaji alimjibu, "Hapana kaka, hapo chini ni tope, tukipita tunazama," na jibu hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote. Ganda la magadi linaonekana gumu mpaka siku linapokatika, na chini yake kuna tope la moto lenye ukali unaochoma ngozi. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuvuka tope hilo kwa miguu ili ayafikie makazi ya heroe, na miguu yake iliungua vibaya kiasi cha kulazwa hospitalini kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mzoefu wa nchi hii.

Kuna sababu nyingine inayowahusu ndege wenyewe. Kundi linalokurupushwa huacha kula na kutumia nguvu kuruka, na watalii kadhaa kwa siku wakifanya hivyo kundi huhama ukingo huo. Mtu akiomba mwongozaji apige makofi ili ndege waruke na waonyeshe mabawa yao mekundu na meusi, anakuwa amepata picha yake kwa gharama ya wengine watakaokuja kesho na ya ndege walio hapo leo. Mpigapicha wetu hakuliomba hilo, na mwongozaji aliniambia baadaye kwamba wapo wanaoliomba kila msimu.

Katika faili zake kuna pia ndege mfu aliyeganda kwa magadi, amelala kifudifudi pale maji yalipomwacha, na picha hiyo nimeipenda kwa sababu hakumgusa. Mwaka 2013 mpigapicha Nick Brandt alitoa picha za ndege na popo waliokauka kando ya ziwa hili, ambao yeye mwenyewe alieleza wazi kwamba aliwaokota wakiwa wamekufa na kuwaweka juu ya matawi katika mkao wa viumbe hai. Kazi yake ilikuwa ya sanaa na hakuificha mbinu yake, lakini picha zilipozagaa mitandaoni maelezo yalibaki nyuma, na watu wengi hadi leo wanaamini kwamba kiumbe akigusa maji ya Natron hugeuka jiwe papo hapo, wakati ziwa hilo hilo ndilo linalolea vifaranga kwa malaki. Anayepiga picha za maumbile kama kumbukumbu ya alichokikuta ana sababu nzuri ya kumwacha mfu pale alipo.

Magadi ya kijivu na kilele kilichoungua

Makosa ya mwangaza ni mepesi kuyaeleza, kwa kuwa yote mawili yanatoka katika chanzo kimoja. Kipimamwanga cha kamera hudhani kwamba mandhari yoyote, ukiichanganya pamoja, ina mwangaza unaolingana na kijivu cha kati. Mbele ya ganda jeupe la magadi hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza, na magadi hutoka ya kijivu huku ndege wakitiwa giza. Mbele ya majivu meusi hudhani mwanga ni haba, hivyo huuongeza, na kitu chochote cheupe kilichomo, kama kilele cha Lengai, hupotea. Jamaa aliiacha kamera iamue yenyewe safari nzima, na katika matembezi yanayoanza kwenye weusi na kuishia kwenye weupe, kamera ilikosea mara mbili kwa pande mbili tofauti.

Kwa kuwa alihifadhi faili ghafi, zile zenye taarifa zote za sensa kabla kamera haijazichakata, picha za magadi ziliokoleka kwa kuongezewa mwanga kwenye kompyuta. Kilele hakikuokoleka, maana sensa ikishajaa mwanga hakuna taarifa inayobaki ya kurudisha. Nilimshauri aongeze mwangaza kwa hatua moja na theluthi (kila hatua ni mwanga maradufu) anapolenga magadi, apunguze kwa theluthi mbili za hatua anapolenga majivu, na katika kila badiliko la ardhi aitazame histogramu, ile grafu ya mwangaza wa picha, kabla ya kuendelea, kwa sababu ukiwa juani kioo cha nyuma ya kamera hudanganya.

Matembezi ya pili

Alirudi mwezi Julai, bila lenzi mpya. Safari hii mpangilio uligeuzwa: waliondoka saa 11 alfajiri kwa tochi, wakafika ukingoni kabla ya jua kutoka, ambalo mwezi huo huchomoza karibu na saa 12:45. Ardhi ilikuwa imepoa usiku kucha na hewa ilikuwa imetulia. Nilipozipitia faili zake, manyoya ya heroe yalionekana wazi hadi kufikia saa 2, kutoka umbali ule ule na kwa lenzi ile ile iliyolaumiwa. Saa 2:30 miguu ya ndege ilianza kutetema. Saa 3 aliifungia lenzi ndefu mkobani, na nadhani uamuzi huo ulikuwa bora kuliko picha yoyote aliyoipiga siku hiyo.

Tatizo jipya lilikuwa mwelekeo wa jua. Mwezi Julai jua huchomoza kaskazini kidogo ya mashariki, kwa hiyo aliyesimama ukingo wa kusini akilenga kaskazini mashariki, upande wa Gelai, analitazama jua moja kwa moja na ndege wote huwa vivuli vyeusi. Picha zake za nusu saa ya kwanza zina kasoro hiyo. Alipogeuka kulenga kaskazini magharibi, jua likabaki kwenye bega lake la kulia, rangi ya waridi ya ndege ikajitokeza, na ukuta wa Bonde la Ufa nyuma yao ukawa umewaka wekundu wa asubuhi. Mwezi Januari, jua linapochomoza kusini kidogo ya mashariki, angeweza kulenga kaskazini moja kwa moja na kupata mwanga wa namna hiyo, ingawa angelipia kwa joto kali zaidi na muda mfupi zaidi wa hewa tulivu.

Picha nzuri kuliko zote katika safari hiyo haimwonyeshi heroe mmoja. Ni mstari mrefu mwembamba wa ndege katikati ya fremu, magadi yaliyopasuka mbele, ukuta wa magharibi nyuma, na imepigwa kwa milimita 200. Baada ya hapo alitumia lenzi fupi kwa vitu vilivyo karibu, ambavyo joto haliwezi kuvigusa: fuwele za magadi kwenye kingo za nyufa, nyayo za fisi juu ya majivu, maganda ya mbegu za mgunga. Saa sita mchana walikuwa kwenye korongo la Engare Sero, penye maporomoko ya maji na kivuli cha kuta zake, mahali ambapo jua la utosini lina manufaa kwa kuwa ndiyo saa linapofika chini. Katika upepo hakubadilisha lenzi hata mara moja ila akiwa amechutama nyuma ya jiwe, na vumbi la magadi alilipuliza kwanza kwa kipulizio cha mpira kabla ya kitambaa kugusa kioo, kwa sababu chembe zake hukwaruza, na zikipata unyevu hula vyuma.

Suala moja halikupata ufumbuzi, nalo ni picha za viota. Katika orodha yake ya awali aliandika kwamba anataka heroe akiwa juu ya kiota chake cha tope, jambo ambalo amelitamani kwa miaka mingi. Viota hivyo viko katikati ya ziwa, juu ya ganda lisilopitika, mbali kuliko uwezo wa lenzi yoyote inayobebwa begani, na chombo chochote cha kuruka chini chini kinaweza kulifanya kundi zima litelekeze mayai. Nilimwambia alifute jambo hilo kwenye orodha, naye amelifuta.